Vifuu Mia Mbili

Jumatatu, 3 Machi 1913

Wanahama! Boma lote linaondoka Chole, linakwenda Kilindoni. Bendera, meza, askari, makarani, na nyumba ya dawa pia. Nimeyasikia leo humo humo kwenye nyumba ya dawa. Mize kaweka mguu juu ya benchi, mganga anamfungua kitambaa, anasema bila hata kuinua uso: kuanzia mwezi wa Mei mtatufuata Kilindoni. Mtatufuata! Utadhani amesema mtatufuata uani.

Donda la mdogo wangu sasa lina miezi minne. Lilianza na mchubuko wa jiwe la pwani, leo kiganja changu hakilifuniki. Donda ndugu. Mganga kasema lisafishwe mara tatu kwa juma, bila kukosa. Likikosa litaingia mfupani, na likiingia mfupani ni msumeno. Kasema hivyo mbele ya Mize mwenyewe. Mize kamuuliza kama msumeno huo wa kukatia mbao au upo mwingine.

Sasa kutoka hapa Juani hadi Chole ni mkono wa bahari tu. Nikimpata mwenye ngalawa, vyema. Nisipompata tunangoja maji yapwe, namfunga mguu kwa jani la mgomba, tunavuka kwa kuegemeana. Tunafika. Lakini Kilindoni? Uvuke hadi Chole, uvuke tena hadi Utende kwenye kisiwa kikubwa, kisha nusu kutwa kwa miguu! Kwa mguu upi?

Karani Hemedi alikuwepo. Ni mtu wa Tanga, kanzu nyeupe, kijana mwenye adabu ya kukera. Kaniambia, Bi Hafidha usiwe na wasiwasi, serikali italeta mashua ya abiria. Asubuhi kwenda Utende, jioni kurudi, na pale Utende litakuwepo gari la punda la kuwapeleka Kilindoni. Nikamwuliza itapita Juani saa ngapi. Akasema haitapita Juani. Mashua itasimama penye watu mia mbili na kuendelea, na Juani haina watu.

Haina watu! Mimi ni nini, mbuzi?

Kafungua daftari kunionyesha. Hesabu ya mwaka jana. Juani: watu themanini na wanne.

Nimerudi nyumbani. Mize kaniuliza njia nzima nimenuna nini.

Jumanne, 4 Machi

Sijalala vizuri. Hasira ina joto lake.

Nimevuka peke yangu asubuhi nikaonane na Bwana Mkubwa, yule Mdachi mwenye boma. Nimekaa barazani tangu saa mbili hadi saa tano. Alipotoka, Hemedi alitafsiri. Nikasema Juani ina watu, nyumba yangu na ya jirani peke yake zinajaza mashua. Bwana kasema huenda, lakini mmetawanyika. Nyumba moja hapa, minazi mia, nyumba nyingine kule. Chole watu wamebanana, mashua ikifika inajaa mara moja na kuondoka. Kwenu itakaa inangoja mtu mmoja anayetoka shambani na mwingine anayetafuta kuku wake. Akacheka. Akasema, hamieni karibu na pwani, muwe wengi, halafu njooni tuzungumze habari ya mashua.

Nikamwambia Hemedi amwambie hivi: watu wanabanana Chole kwa sababu vyombo vinatia nanga Chole. Si kwamba mababu zao walipenda kusikia wenzao wakikoroma! Leta chombo Juani uone kama hatutajenga pwani. Nani atahama shamba lake akakae mchangani kungoja mashua ambayo haipo?

Sijui Hemedi alitafsiri nini. Ilikuwa fupi mno. Bwana akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Na kweli nilitembea Chole nzima kwa hasira. Nyumba kwa nyumba, ukuta mmoja watu wawili. Mwanamke anamwomba mwenzake chumvi kwa dirishani bila kuinuka. Pwani pao vyombo vitano vinangoja watu, na watu hawangoji chombo. Nimewaonea wivu hadi nikajionea haya.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimempeleka Mize. Maji yamepwa sana, tumevuka kwa miguu. Mganga kasema donda linajibu dawa, kingo zimeanza kuwa nyekundu. Mize kafurahi, kanunua maandazi mawili, kala yote mawili.

Sasa niyaandike, maana kitabu hiki hakisomwi na mtu. Wale themanini na wanne ni kazi yangu.

Mwaka jana Hemedi alipokuja kuhesabu, wanawake hawakutaka karani mwanamume aingie uani kwao. Jumbe Matano, mkubwa wa kijiji, akanileta mimi, kwa kuwa marehemu baba Azizi alinifundisha kuandika na watu wote wanajua. Nikaingia ua kwa ua. Nikauliza, watoto wangapi? Mwanasiti jirani yangu akanitazama kama nimemtukania mama. Nani anayehesabu watoto wake kwa sauti? Uwahesabu kijicho kiwasikie? Kaniambia, tupo tupo tu. Nikaandika watatu. Wako tisa! Wengine kadhalika. Tupo tu. Wachache. Mungu anajua. Na mimi nikaandika kila nilichoambiwa, tena nikapunguza, nikijiona mjanja.

Wanaume je? Walikwenda kukaa kwenye magofu ya Kua siku mbili, kati ya kuta zilizobomoka ambako hakuna anayepita bila sababu. Waliogopa kodi, na waliogopa zaidi kazi ya barabara. Ussi, kaka yake Mwanasiti, alichukuliwa kazi ya barabara miaka mitatu iliyopita na akaletwa amefungwa kwenye mkeka. Homa, walisema.

Na kwangu? Nilijiandika mwenyewe. Hafidha binti Azizi, mjane. Mize, dada yake. Basi. Kombo mwanangu, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, ana mabega ya kubeba mlingoti, hayumo. Alikuwa Kua anasuka kamba zake za makumbi na kula muhogo wangu.

Niliandika kwa mkono huu. Halafu nimekwenda kumpigia kelele Bwana Mkubwa kwamba hajui kuhesabu!

Ijumaa, 7 Machi

Baada ya sala Jumbe Matano aliwakalisha watu. Wanawake tulikaa nyuma ya ua wa makuti, tukisema kwa kupitia huko. Nikasema tuombe tuhesabiwe upya. Sikumaliza. Wanaume wakaja juu kama maji ya chungu. Unatuuza! Umelipwa na yule mtu wa Tanga! Jumbe kasema polepole, kwa ile sauti yake ya kumtuliza ng'ombe: Bi Hafidha, mguu ni wa mmoja, barabara itatuchukua sote.

Nikamjibu, Jumbe, mguu leo ni wa Mize. Mwakani tumbo litakuwa la mkeo, jicho litakuwa la kwako. Nyumba ya dawa haikungojei Chole.

Mwanasiti akasimama. Kasema mbele za watu wote kwamba mimi nina mtoto mmoja, sijui uchungu wa kuhesabu wengi. Mmoja! Nilizika wawili, na yeye ndiye aliyewaosha. Ningemjibu tungeshikana.

Kombo alikuwa upande wa wanaume. Usiku wakati wa chakula kaniambia, mama, ungeniuliza mimi kwanza. Nikamwuliza nimwulize nini. Kaendelea kula.

Jumapili, 9 Machi

Bamvua, maji yamekauka sana. Tumevuka kwa miguu. Safi. Mize anacheka njiani, anasema mimi nikifa asiachwe mikononi mwa Kombo, Kombo hajui kufunga jani la mgomba.

Jumatano, 12 Machi

Maji yameanza kuwa mafu. Hayapwi ya kutosha. Tumengoja ngalawa tangu alfajiri. Moja ilipita, imejaa mashudu ya nazi na mtu mmoja. Nimeita. Kapunga mkono kama ananisalimu! Tumerudi.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna chombo. Maji kifuani hata yakipwa. Kombo alijitolea kumbeba begani, katikati mkondo ukamyumbisha, wakarudi wote wamelowa. Kitambaa kimelowa maji ya bahari. Mize hakulia ila aliuma kanga yake.

Jumamosi, 15 Machi

Limeanza kunuka tena.

Nimekwenda kwa Mwanasiti. Nilikwenda kugombana, nasema kweli. Nilimkuta anakuna nazi, kifuu baada ya kifuu, anavitupa pembeni, na mwanawe mdogo anavipanga mstari. Vifuu tisa. Kimoja cha kila mtoto, mtoto anavitajia majina ya ndugu zake. Mama yake anatazama tu na hasemi kitu!

Nikauliza, huyu mbona humkatazi kuhesabu? Kasema, anahesabu vifuu, hahesabu watu.

Nikakaa chini. Nikasahau ugomvi wangu.

Nikamwambia: basi na tuhesabu vifuu. Kila mtu wa Juani ashuke pwani na kifuu kimoja mkononi, akitie kapuni, aende zake. Hakuna anayeulizwa una wangapi. Hakuna jina. Karani atahesabu vifuu.

Mwanasiti aliacha kukuna. Kasema, hakuna jina? Nikamwambia, kifuu kina jina?

Kanipa chai. Hatukutajiana habari ya Ijumaa.

Jumapili, 16 Machi

Ngalawa imepatikana, ya Muhidini mvuvi, Mungu ambariki na awarehemu wazee wake. Mganga amekasirika. Kakata nyama iliyooza, Mize kashika mkono wangu hadi kucha zimeniachia alama. Mganga kasema kosa jingine kama hili na hatakuwa na la kufanya. Nikamwambia akaiambie bahari.

Kisha nikaenda kwa Hemedi. Nikamweleza habari ya vifuu. Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Kaingia kwa Bwana, katoka. Bwana amekubali, ila kwa sharti lake. Askari atapiga kengele pale pwani ya Juani. Watakaofika kabla ya nusu saa kwisha ndio watakaohesabiwa. Bwana anataka kujua mashua ikipiga kengele ni abiria wangapi watatokea. Wa mbali, kasema, si abiria.

Nikamwuliza mara tatu: majina? Hemedi kasema, hakuna majina, Bi Hafidha. Vifuu mia mbili na mashua ni yenu. Kaweka mkono kifuani.

Alhamisi, 20 Machi, saa mbili asubuhi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetembea Juani nzima. Miguu imevimba. Jumbe Matano aliposikia hakuna majina alisugua ndevu, akasema jambo hilo linazungumzika. Wanaume wakaniuliza kila mmoja kwa zamu yake, kana kwamba mmoja akiuliza mwingine hakusikia: una hakika? Nina hakika. Umeapa? Nimeapa. Nimeapa kwa kaburi la baba yangu kwa ahadi ya mtu wa Tanga!

Lakini nusu saa! Walio upande wa mashamba hawafiki kwa nusu saa hata wakikimbia. Hapo ndipo ilipoanza vurugu. Mtu mmoja kasema atalala pwani usiku wa kuamkia siku hiyo. Wa pili kasema basi na mimi, na mke wangu. Wa tatu kasema na mbuzi je. Jioni hii nimekwenda kuona: vibanda saba vya makuti vimesimama pwani, mafiga chini, vyungu juu. Wanawake wameshaanza kugombania nani yuko karibu na kisima. Watoto wanakimbia kati ya vibanda, wanagongana. Kumebanana kama Chole!

Nimecheka peke yangu. Mashua haijaja na watu wamekwishahamia. Bwana Mkubwa ataona tulivyo watiifu.

Jumanne, 18 Machi

Vibanda kumi na tisa. Mwanasiti kahamia na wote tisa, anauza uji kwa majirani. Maji mafu yamekwisha, yameanza kutembea tena, tumevuka kwa ngalawa ya Muhidini. Mganga kasema bado kuna tumaini, kwa sauti ya mtu asiyependa kuahidi.

Mize anataka naye alale pwani ili ahesabiwe. Nimekataa. Mchanga, nzi, umande, na donda bichi! Anasema, mashua ni yangu mimi, halafu mimi nisiwemo? Nimemwambia kifuu chake nitakibeba mimi. Hemedi alikwisha kataa hilo: kila kifuu na mwenyewe. Sikumwambia Mize.

Jumatano, 19 Machi

Hesabu yangu, kwa siri, kwa kokoto: wanawake, watoto na wazee watakaofika, mia na themanini hivi. Wanaume hamsini. Inatosha na kubaki. Hemedi kaleta ujumbe niwe karibu na kapu na kalamu yangu, nimsaidie kwa upande wa wanawake. Nitakwenda na kitabu hiki. Sitaki kuandika katika cha kwao tena.

Kombo kaniambia kesho atakuja. Anaingia na kifuu chake mlango wa mbele, kasema, amechoka kuishi kama mwizi kwa kosa la kuzaliwa mwanamume. Kwanza nilifurahi, baadaye nikamkumbuka Ussi.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika pwani, kitabu juu ya goti, kalamu ya risasi.

Mashua ya boma imefika. Bwana Mkubwa, askari wanne, Hemedi. Wameteremsha meza. Meza ya nini? Kapu ni la kuwekwa chini.

Daftari. Wametoa daftari, wameliweka mezani pembeni ya kapu. Nimemwuliza Hemedi. Hanitazami. Kasema amri imebadilika jana. Wanawake na watoto watatia vifuu tu, kama tulivyosema. Wanaume wataandikwa majina. Asiyekuwemo katika hesabu ya mwaka jana atakwenda miezi sita kwenye barabara ya Utende hadi Kilindoni, kwa sababu lile gari la punda linahitaji njia. Nimemwambia, uliweka mkono kifuani! Kasema, Bi Hafidha, mimi ni karani tu. Karani tu! Natamani nimpige kwa meza yake.

Kengele imelia.

Wanakuja. Mwanasiti wa kwanza, na tisa wake nyuma, kila mmoja na kifuu, mdogo kabisa anakigongagonga tumboni. Wamevitia. Mwanasiti kaiona meza. Kaliona daftari. Kanitazama. Sitausahau uso ule.

Wanawake wa vibandani. Wazee. Bibi mmoja kaja na fimbo na kifuu kwenye kilemba cha kanga. Watoto wengi kuliko nilivyojua. Juani haina watu! Hemedi anahesabu, jasho linamtoka. Bwana kashika saa ya mfukoni.

Wanaume wamesimama kwenye minazi. Hawashuki. Mtu mmoja aliyesikia kakimbia kuwaambia. Wote hamsini, wamesimama na vifuu mikononi, wananiangalia mimi. Jumbe Matano kaketi chini, kapa pwani mgongo. Mimi ndiye niliyewaapia kwa kaburi la baba.

Vifuu mia na sitini.

Mia na themanini na moja. Watoto wamekwisha. Njia ya mashamba kuna vumbi, wanawake wanakimbia wameshika kanga mkononi. Mia na tisini na mbili. Mia na tisini na sita. Bibi wa mwisho kaanguka, kainuliwa, kakitia. Mia na tisini na saba.

Hakuna tena. Bwana kaonyesha vidole vitano kwa Hemedi. Dakika tano.

Nimepiga kelele kwa wanawake, nani bado? Nani kalala? Hakuna anayejibu. Nimetia cha kwangu. Mia na tisini na nane. Nilikuwa nimejisahau.

Minazi inafanya njia. Wanaume wanampisha mtu. Kombo. Kambeba Mize mgongoni, mguu wenye kitambaa unaning'inia, Mize kashika vifuu viwili, kimoja kila mkono, anavinyanyua juu ili vionekane. Nilimwambia akae ndani! Mtoto wa Mwanasiti alipokwisha kutia kifuu nilimtuma mbio mbio amwambie Kombo asije!

Kombo kashuka naye mchangani. Askari wawili wamesimama wima. Wanaume huko nyuma hawasogei, wanatazama mtoto wa Hafidha atafanywa nini.

Wamefika kwenye kapu. Mize kakitia cha kwake: mia na tisini na tisa. Cha pili kampa Kombo mkononi. Mkono wa Kombo uko juu ya kapu. Askari kamzuia: jina kwanza, kifuu baadaye. Hemedi kalifungua daftari la mwaka jana, kaweka kidole kwenye ua wangu, wawili, mimi na Mize, mwandiko wangu. Kanisogezea kalamu ya boma. Anasema, andika wewe, Bi Hafidha, wewe ndiye unayemjua.

Dakika mbili, kasema Bwana. Hiyo niliielewa bila tafsiri.

Mize ananiambia kwa sauti ndogo, dada, nirudishe nyumbani. Kombo ananiambia, andika, mama.

Hemedi anauliza tena: jina la huyu nani? Nimemwambia angoje, bado naandika humu kitabuni mwangu.